Usalama wa Betri ya Lithiamu Huanza Siku ya Kuinunua

Betri ya gari iliyochoka hufa taratibu. Taa hufifia, redio hukatika, na mwenye nyumba huanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Betri ya lithiamu iliyochajiwa vibaya haimpi mtu nafasi hiyo. Seli moja ikivuka kikomo chake hupata joto, huvimba, hutoa moshi wenye sumu, na kwa dakika chache moto unakuwa umeshahamia kwenye seli za jirani. Kama, mji mdogo wa teritware ya Pangi katika jimbo la Maniema, uko mbali na gari lolote la zimamoto. Moto ukianza ndani ya nyumba, msaada ni majirani na ndoo zao.

Kwa familia nyingi za Kama umeme ni ule wanaojitengenezea: paneli juu ya bati, jenereta ya petroli ya mwenye duka, betri chini ya meza. Hali hiyo si ya Kama peke yake. Katika Kongo nzima ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano aliyefikiwa na umeme, na vijijini idadi hiyo hushuka mno. Sheria namba 14/011 ya Juni 17, 2014 iliifungua sekta hii kwa wawekezaji nje ya SNEL, shirika la umeme la taifa, na ikaweka msingi wa ARE, mamlaka ya udhibiti, na ANSER, wakala wa umeme vijijini. Matunda yameanza kuonekana: mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa sola wa megawati 1.3 mjini Goma, na ilipopata mtaji mpya mwaka 2023 iliitaja Kindu miongoni mwa miji inayofuata. Lakini kutoka Kindu hadi Kama ni safari ndefu ya pikipiki, na nyaya husafiri polepole kuliko pikipiki. Mpaka zifike, usalama wa umeme uko mikononi mwa mnunuzi na fundi wake.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya hao wawili. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba sehemu kubwa ya usalama huamuliwa dukani, kabla waya wowote haujaunganishwa. Aliyechagua seli sahihi na kujua nambari zake za volti amekwisha kuepuka hatari nyingi. Aliyenunua kwa kuangalia rangi ya ganda na maandishi makubwa ataishi na wasiwasi hata akiwa na fundi hodari.

Kwa nini betri ya risasi inapungua

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 30 hivi. Ya lithiamu yenye ujazo huohuo haifiki nusu ya uzito huo. Pale ambapo mzigo hufika Kindu kwa reli ya kusini, kwa mto au kwa ndege, kisha ukapakiwa nyuma ya pikipiki na kupita kwenye tope, tofauti hiyo ni pesa taslimu. Na pikipiki ikianguka, hakuna asidi ya kumwagikia mguu wa dereva.

Tofauti ya pili huonekana nyumbani. Betri ya risasi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, na ikikaa siku nyingi bila kujaa, kama inavyotokea majira ya mvua ndefu za Maniema, chumvi ya salfeti huganda kwenye bamba zake na kuidumaza. Ikitumiwa hivyo kila usiku, huishia mizunguko mia chache tu ya kuchaji na kutumia. Betri nzuri ya lithiamu ya nyumbani hukubali kutumiwa hadi asilimia 80 au 90, haidhuriki kwa kukaa nusu, na huvuka mizunguko 2,000. Bei ya kuanzia ni kubwa zaidi, lakini ukiigawa kwa miaka ya kazi inashuka.

Lithiamu ziko za aina mbili kubwa

Mnunuzi akiuliza “betri ya lithiamu” bado hajauliza swali lote. Aina ya kwanza ina kobalti au nikeli kwenye ncha yake chanya. Hii ndiyo familia ya seli zilizoingizwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, na ndiyo iliyomo ndani ya simu na kompyuta za mkononi. Mkongomani anaijua kwa upande mwingine, kwa sababu zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka ardhini mwa Kongo, upande wa Kolwezi na jirani zake. Seli hii hubeba nguvu nyingi katika umbo dogo, na volti yake ya kawaida ni 3.6 au 3.7.

Aina ya pili hutumia chuma na fosfeti. Iligunduliwa katika miaka ya 1990 kwenye maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya betri za lithiamu. Kwenye ganda aina hii hutambulishwa kwa herufi LFP au LiFePO4, na volti yake ya kawaida ni 3.2. Haina kobalti wala nikeli. Lithiamu imo katika aina zote mbili, na Kongo inayo tele: Manono, katika jimbo la Tanganyika lililo kusini ya Maniema, ina mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu ya miamba duniani.

Kwa nyumba, duka au zahanati ya Kama, ushauri wangu hauna shaka: chukua LFP. Seli ya kobalti ikipata joto kali huachia oksijeni kutoka ndani yake yenyewe, na moto unaojitengenezea oksijeni hauzimiki kwa kufunikwa. Katika LFP oksijeni imeshikwa kwa nguvu na fosfeti, ndiyo maana huhitaji joto kubwa zaidi kabla ya kuharibika, na hata ikiharibika hutoa joto pungufu. Hilo halimaanishi kwamba haiungui. Ikichajiwa kupita kiasi au ikitobolewa inaweza kutoa gesi inayowaka. Ila inampa mwenye nyumba muda, na muda huokoa watu. Kasoro yake ni kuwa kubwa na nzito kidogo kwa nguvu ileile. Kwa simu hilo ni tatizo. Kwa betri inayokaa pembeni ya chumba si kitu.

Hesabu ambayo kila fundi anapaswa kuijua

Seli ya kobalti hujaa kwenye volti 4.2. Seli ya LFP hujaa kwenye 3.65. Hatari nyingi zinatokana na mtu kuzichanganya nambari hizi mbili, na nambari za betri ya risasi zikiongezwa juu yake.

Chukua kontrola ya kawaida ya sola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kusimamia chaji, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya risasi ya volti 12. Inapojaza husukuma hadi volti 14.4 hivi. Ukiiunganisha na seli 4 za LFP zilizofuatana, kila seli inapata 3.6, chini kidogo ya kikomo chake. Ndiyo sababu seli 4 za LFP, zenye jumla ya volti 12.8, zimekuwa mrithi wa kawaida wa betri ya volti 12. Kwa mfumo wa volti 24 huwekwa 8, na kwa 48 huwekwa 16.

Sasa iunganishe kontrola hiyohiyo na seli 3 za kompyuta ya mkononi zilizofuatana. Gawa 14.4 kwa 3. Kila seli inasukumiwa 4.8, wakati mwisho wake ni 4.2. Kama hakuna saketi ya kuikatia, hicho ni kichocheo cha moto kilichowekwa juani asubuhi na kuachwa kijichaji peke yake hadi jioni. Fundi akiweka seli 4 badala ya 3, zitaishia chini ya nusu ya ujazo wake, na akiongeza volti ili zijae, pakiti itavuka 16, kiwango ambacho inveta nyingi za volti 12 hukikataa. Kwa kifupi, seli za kompyuta haziingii vizuri katika mfumo wa volti 12, wala hazifai kulazimishwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuunganisha paneli moja kwa moja na betri. Paneli inayouzwa kama ya “volti 12” hutoa volti 21 au 22 isipokuwa na mzigo. Bila kontrola, betri ikishajaa hakuna kitu cha kuizuia paneli isiendelee kusukuma.

Ishike seli mkononi

Seli ya duara iliyozoeleka zaidi huitwa 18650, kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Seli halisi za umbo hilo hubeba kati ya miliampea-saa 2,000 na 3,500. Hata hivyo masokoni zimejaa zilizoandikwa 6,000, 8,800 na hata 9,900. Hakuna seli ya 18650 yenye ujazo huo. Ukiipasua baadhi ya hizo utakuta kiseli kidogo kilichozungukwa na unga au mchanga, au seli chakavu iliyovishwa plastiki mpya.

Kama ina kifaa cha kuwaumbua wauzaji hao ambacho miji mingi midogo haina: mizani ya dhahabu. Wanunuzi wa dhahabu hupima gramu na sehemu za gramu kila siku. Seli halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Ukipima ikaja 30, usiendelee kubishana na lebo. Seli ya LFP ya duara ya 32650, yenye kipenyo cha milimita 32, hubeba ampea-saa 5 hadi 6 na uzito wa gramu 140 hivi. Seli bapa ya LFP ya ampea-saa 100 huwa na kilo 2. Uzito hauwezi kuandikwa upya kama lebo.

Baada ya mizani, chukua multimita. Seli ya LFP iliyotoka kiwandani na kusafirishwa vizuri huonyesha volti 3.2 hadi 3.3. Ukinunua 4 za kuunganisha pamoja, zote zionyeshe karibu nambari ileile. Moja ikiwa imeachwa nyuma sana, irudishe. Seli yoyote ya lithiamu iliyoshuka chini ya volti 2 isifufuliwe. Ndani yake shaba huenda imeyeyuka na kuganda upya mahali pasipotakiwa, na ikichajiwa inaweza kujiunganisha yenyewe kwa ndani. Seli iliyovimba, iliyobonyea, yenye kutu au inayotoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, usiiingize ndani ya nyumba.

Kipimo cha mwisho kinahitaji balbu na saa tu. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 20 ina wati-saa 256. Ijaze, kisha iwashie balbu ya wati 10 ya volti 12. Inapaswa kudumu kwa saa 25 hivi. Ikizimika baada ya saa 9, umenunua theluthi ya ulichokilipia. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio hilo.

Kuunganisha bila haraka

Seli zinazofanya kazi pamoja ziwe za aina moja, ujazo mmoja na umri mmoja. Kuchanganya mpya na kuukuu, au LFP na ya kobalti, ni kuifanya dhaifu ibebe mzigo wa nguvu. Itakuwa ya kwanza kujaa na ya kwanza kuisha, na kila siku itazidi kuumia. Kabla ya kuzifuatanisha, ziunganishe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zichaji taratibu hadi volti 3.6, uziache zilingane.

Kisha inakuja BMS, saketi inayopima kila seli na kukata pale moja inapovuka kikomo juu au chini. Kwa lithiamu hiyo si nyongeza ya hiari. Lakini BMS ni mlinzi wa usiku, siyo mpishi wa kila siku: kontrola ndiyo ipaswayo kusimamisha chaji kwa wakati, na BMS ibaki kwa siku ambayo kontrola imeshindwa. Betri ambayo BMS yake hukata kila adhuhuri imewekewa chaja isiyoifaa.

Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Seli bapa ya ampea-saa 100 ikigusanishwa ncha zake kwa spana hutoa mkondo wa kuyeyusha chuma. Vua pete na bangili kabla ya kufanya kazi, zungushia mpini wa spana tepu, na usifunike betri kwa bati. Usichome seli za duara moja kwa moja kwa chuma cha kulehemu risasi, maana joto lake hupita hadi ndani. Tumia vishikizo vya kubana au mashine ya kulehemu kwa nukta.

Kuchaji kwa mpango

Kwa pakiti ya seli 4 za LFP, ipange kontrola ijaze hadi volti 14.2 au 14.4. Chaji ya kushikilia baada ya kujaa iwe 13.5 hivi, au izimwe. Zima kabisa hatua ya kusawazisha inayotumika kwa betri za risasi, kwa kuwa huweza kupanda juu ya 15. Zima pia marekebisho ya volti kulingana na joto, ambayo ni ya risasi. Upande wa chini, mzigo ukatwe volti zinapofika 12 hivi. Kama kontrola haina sehemu ya kubadilisha nambari hizi na haijaandikwa LFP, itafutie nyingine. Chaja za gari zenye hatua ya “kufufua betri” zisiguse lithiamu kamwe.

Fuata utaratibu wa kuunganisha: betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutoka. Kontrola iliyopata paneli bila betri hukosa kujua iko kwenye mfumo gani, na nyingine huungua hapohapo.

Kuhusu kasi, LFP ya ampea-saa 100 inafurahia ampea 20 hadi 50. Paneli ya wati 200 haitoi hata 20, kwa hiyo kwa nyumba nyingi za Kama kasi si tatizo. Joto ndilo tatizo. Lithiamu isichajiwe ikiwa imevuka nyuzi 45, na chini ya bati lisilo na dari mchana wa jua kiwango hicho hufikiwa kwa urahisi. Iweke chini, kivulini, penye upepo, juu ya tofali au ubao mkavu. Isiwe chini ya kitanda wala kwenye mlango pekee wa kutokea. Wakati wa kuunguruma kwa radi, chomoa nyaya za paneli. Kongo ya mashariki ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na Kabare ya Kivu Kusini ilikuwa ya pili katika orodha ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti ya NASA.

Mtu anaponunua kwa hesabu huwa hailazimishi betri yake. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Simu 4 ni 60 hivi. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Jumla 190, na ukiongeza upotevu njiani weka 250. Betri ya LFP ya volti 12.8 na ampea-saa 40 ina wati-saa 512, inayotosha karibu usiku mbili. Jua la Maniema hutoa saa 4 hadi 5 za nguvu kamili kwa siku ya kawaida, hivyo paneli ya wati 100 inaweza kurudisha kilichotumika hata mawingu yakipita. Asiyetaka kuunganisha chochote anunue taa au kifurushi cha sola kilichopimwa na kuthibitishwa na mpango wa VeraSol. Vingi vya aina hiyo vina seli za LFP na kinga yake ndani.

Ikitokea mbaya

Betri ikianza kuvuma, kuvimba au kutoa moshi, watoe watu nje kwanza. Moshi wake una gesi inayochoma mapafu. Ikiwa unaweza kukata paneli bila kuukaribia moshi, ikate. Mchanga unaweza kuzuia cheche lakini haupoozi seli. Maji mengi, yakimwagwa kutoka mbali, hupunguza joto na kuzuia seli za jirani zisifuate. Baada ya moto kuisha, iache betri nje siku kadhaa, kwa sababu huweza kuwaka tena. Seli zilizokufa zifungwe tepu kwenye ncha, ziwekwe kwenye kopo la chuma nje ya nyumba, mbali na watoto, na zisitupwe mtoni wala kwenye moto wa takataka.

Haya yote hayahitaji kusubiri mradi mkubwa. Chama cha wachimbaji, parokia, msikiti au kikundi cha akina mama wa soko kinaweza kununua multimita moja nzuri na kumkabidhi fundi anayeaminika, na mnunuzi wa dhahabu anaweza kukubali mizani yake ipime seli za jirani. Na kila mteja wa Kama anaweza kumdai muuzaji wa Kindu, Bukavu au Goma aandike mambo matatu kwenye risiti: aina ya seli, idadi ya zilizofuatana, na volti ya mwisho ya kuchaji. Muuzaji anayejua anachokiuza ataandika bila shida. Asiyeweza kuyaandika, pesa zako zisibaki kwake.